Ganoderma kwenye mifuko ya vumbi la mbao: mwongozo kamili kwa waliojaribu wakaishia na ukungu wa kijani

Kila wiki napata picha ileile. Mfuko wa vumbi la mbao uliotiwa uyoga wa ganoderma, juu umeanza vizuri na utando mweupe, katikati kijani kitupu kama mtu kamwaga unga wa majani ya mlonge, chini maji ya kahawia yamekusanyika na ukifungua yananuka. Na swali lilelile: nimekosea wapi, mbona mamama zangu, ule uyoga wa oyster, zinatoka vizuri tu?

Jibu limo humohumo kwenye swali. Wengi mnaoanza ganoderma mmetokea kwenye mamama, na mnaifanyia kama mamama. Mamama ina mbio, inakula mabua, maganda ya pamba, majani makavu ya mgomba, hata ukiichemshia chakula chake kwa saa mbili tatu tu kwenye pipa inawahi kuujaza mfuko kabla ukungu haujajipanga. Ganoderma ni uyoga wa mti, ule mgumu kama kibao unaochomoza ubavuni mwa shina la mwembe mzee au kwenye kisiki, juu unang'aa kama umepigwa vanishi, chini una vitundu vidogovidogo badala ya mapezi. Chakula chake ni mbao ngumu na mwendo wake ni wa taratibu, kwa hiyo lazima umweke mezani peke yake na akae peke yake mwezi mzima. Ukiacha hata kidogo cha ukungu ndani ya mfuko, ukungu unashinda.

Ninayoizungumzia hapa ni ile nyekundu ya vanishi, Wachina wanaiita lingzhi na Wajapani reishi. Usiende kubandua kwenye mti wa jirani ukasaga ukadhani ni hiyohiyo, zipo aina nyingi za ganoderma na zinafanana mno, mbegu nunua.

## Vifaa, kusanya vyote kabla hujaanza

Hesabu hii ni ya mifuko 20 hadi 22 ya kilo moja moja. Usianze na mifuko 200, tafadhali.

- Vumbi la mbao ngumu, kavu, kilo 8.3
- Pumba za ngano au za mpunga, kilo 1.5
- Jasi au chokaa, gramu 100
- Sukari, gramu 100
- Maji safi, lita 12 hivi
- Mifuko ya plastiki inayohimili mvuke, ile ya PP, upana sentimita 18 urefu 33 au karibu na hapo. Mifuko laini ya dukani inalegea na kushikana ndani ya pipa
- Shingo za mifuko. Wengi mnatumia vipande vya bomba la PVC, kwenye mamama sawa, lakini kwa mvuke wa saa nane PVC inalegea na kupinda, kata pete za mwanzi au nunua shingo za PP
- Pamba isiyonyonya maji, ya mto au ya godoro. Pamba ya hospitali inanyonya, ikilowa inageuka daraja la ukungu kuingilia
- Raba bendi, na karatasi au foili ya kufunika pamba
- Pipa la lita 200 lenye mfuniko, na kichanja cha chuma cha kukaa ndani
- Boksi la plastiki linaloonesha, lita 50 au zaidi, limetobolewa matundu mawili ya kuingizia mikono
- Spiriti ya asilimia 70, glovu, barakoa, kijiko kirefu cha chuma
- Mbegu ya ganoderma iliyooteshwa kwenye nafaka, gramu 600 hivi
- Kipimajoto na kipima unyevu wa hewa, vile vidogo vya bei rahisi vinatosha
- Mizani ya jikoni

Kama unayo presha kuka kubwa inayofika nyuzi 121, bahati yako, hatua ya tano itakuwa saa mbili tu badala ya siku nzima.

## Hatua ya 1: Tazama kalenda na mahali ulipo

Ganoderma inapenda joto. Utando unatembea vizuri kati ya nyuzi 25 na 30, na uyoga wenyewe unatoka vizuri kati ya 24 na 28. Chini ya 20 inasimama tu, haifi ila haiendi popote, na kadiri inavyokaa kimya ndivyo ukungu unavyopata muda.

Kwa hiyo mtu wa Njombe, Mbeya, Limuru au Nairobi ukianza Mei utaangukia Juni na Julai na baridi yake, utakuja kulalamika mbegu mbovu kumbe ni hali ya hewa. Anza Agosti au Septemba. Mtu wa Dar, Tanga au Mombasa wewe unasumbuliwa na upande wa pili, Januari hadi Machi bandani panaweza kuzidi 33 mchana, panga mifuko yako itoe uyoga katikati ya mwaka.

Ukifanikiwa hapa: kipimajoto ulichokiacha kwenye chumba chako siku tatu usiku na mchana hakishuki chini ya 22 wala hakipandi zaidi ya 31.

## Hatua ya 2: Chagua vumbi la mbao

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa. Mtu anakwenda kwa seremala anajaziwa gunia, hajauliza mbao gani. Ukanda wa Mafinga na Sao Hill mbao nyingi ni paini, na paini ina utomvu ambao ganoderma haiupendi. Sipresi na mtarakwa ni hivyohivyo. Ganoderma tunayoilima ni ya miti ya majani mapana.

Zinazofaa na kupatikana kwetu: mwembe, grevilea, miwati, mfenesi, mparachichi. Mkaratusi wengine wanatumia, mimi naukwepa ukiwa mbichi kwa sababu ya mafuta yake, bora vumbi lake likae nje linyeshewe mwezi mmoja miwili kwanza.

Halafu kuna mbao nzuri kupita kiasi. Mninga, mvule, tiki, mkongo. Watu wanazipenda kwa milango na vitanda kwa sababu haziozi, sasa mti usiooza ni mti wenye dawa yake ya asili ya kuzuia kuvu, na wewe unataka kuvu aule. Ziache.

Onyo, na hili naomba ulichukulie kwa uzito: usitumie kamwe vumbi la mbao iliyotiwa dawa, zile za kijanikijani za kuezekea na nguzo. Dawa nyingi za mbao zina shaba, kromiamu na aseniki, na uyoga una tabia ya kunyonya madini mazito na kuyalimbikiza. Utakuwa unamnywesha mtu sumu ukidhani unampa afya. Vumbi la plaiwudi na MDF nalo hapana, lina gundi.

Simama mwenyewe pale mashineni wakati gogo linapasuliwa, ujaze gunia lako. Lichekeche kuondoa vijiti vinavyotoboa mifuko. Ukipata na maranda kidogo changanya, sehemu moja ya maranda kwa tatu za vumbi, hewa inapita vizuri zaidi kuliko vumbi laini peke yake.

## Hatua ya 3: Changanya na pima maji

Changanya vikavu kwanza, vumbi na pumba na jasi, kwenye turubai au sakafu safi. Sukari iyeyushe kwenye maji. Mimina lita 11, changanya mpaka hakuna bonge kavu, subiri nusu saa vumbi linywe, ndiyo uanze kuongeza lita ya mwisho kidogokidogo.

Kipimo ni ngumi. Chukua konzi, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole na bonge likabaki limeshikana, umefika asilimia 60 hivi, ndiyo tunayotaka. Yakichuruzika umezidisha, ongeza vumbi. Bonge likisambaratika ongeza maji.

Kuhusu pumba: utakuta sehemu nyingi wanaandika asilimia 20. Ni kweli uyoga unakuwa mkubwa zaidi, lakini pumba ndicho chakula ambacho ukungu na bakteria wanakitaka kuliko kingine chochote, na kila unapoongeza unaongeza wageni. Mimi nilianza na 20 nikatupa mifuko karibu yote ya awamu mbili mfululizo, nikashuka 15 nikaanza kuvuna. Ukishazoea, panda.

Ukishalowesha usilaze. Mchanganyiko uliolowa ukikaa usiku mmoja unaanza kuchacha, changanya na kujaza na kupika siku hiyohiyo.

## Hatua ya 4: Jaza mifuko

Kilo moja kila mfuko, shindilia kwa ngumi mpaka mfuko unasimama wenyewe, lakini usigandamize kama unafyatua tofali. Ukiwa legelege utando unakutana na mapengo, ukiwa mgumu mno hewa haipiti. Toboa tundu katikati kwa kijiti chenye unene wa kidole gumba, liende mpaka karibu na chini, mbegu zitaangukia humo na utando utatembea juu na chini kwa pamoja.

Vaa shingo, kunja plastiki nje yake, funga raba, ziba na pamba iliyokaza kiasi, funika na karatasi ili matone ya mvuke yasiilowanishe. Basi.

## Hatua ya 5: Mvuke, hapa ndipo wengi mnapoanguka

Soma hii mara mbili.

Maji kwenye pipa lita 30, kichanja juu yake, mifuko juu ya kichanja isiguse maji. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mfuko na mfuko ili mvuke uzunguke. Funika.

Onyo la hatari: usizibe pipa likakaza kabisa. Mvuke usipopata pa kutokea pipa linalipuka, na watu wanaungua. Acha tundu dogo kwenye mfuniko au uweke mfuniko na gunia zito juu, mvuke utoke pembeni.

Muda unaanza kuhesabiwa pale mvuke unapotoka kwa nguvu mfululizo, si pale ulipowasha moto. Kwa pipa lililojaa inaweza kuchukua saa mbili kufika hapo, na wengi hizo saa mbili mnazihesabu. Baada ya hapo saa 8 bila moto kushuka. Katikati ya mfuko wa kilo moja joto linachelewa sana kufika, vumbi la mbao ni kama blanketi, nje linakuwa limeiva ndani bado vuguvugu.

Maji yatapungua, chungulia kila baada ya saa mbili na uongeze yanayochemka tayari. Ukimimina ya baridi moto unakufa na hesabu inaanza upya.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona mtu anawaambia. Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Kila ukipanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Dar na Mombasa ni 100. Arusha iko mita 1,400 hivi, maji yanachemka kwenye 95, na Kigali na Bukavu wako hapohapo. Nairobi na Mbeya ni 94. Yaani wewe wa Mbeya unafuata saa zilezile za mtu wa Tanga lakini mvuke wako ni wa baridi kwa nyuzi sita, na hizo sita zinatosha kumwacha adui hai. Ndiyo maana watu wawili wanafuata maelekezo sawasawa, mmoja anavuna na mwingine anatupa.

Adui mwenyewe ni mbegu za bakteria zenye ganda gumu. Utando wa ukungu unakufa mapema tu, lakini mbegu hizo zinavumilia maji yanayochemka kwa masaa. Kwa hiyo ukiwa juu ya mita 1,000 piga mvuke mara mbili: leo saa 5, acha mifuko ndani ya pipa lililofungwa mpaka kesho muda kama huo, kesho tena saa 5. Katikati hapo mbegu zilizopona zinahisi joto na unyevu, zinadhani mvua imenyesha, zinachipua, na zikishachipua hazina ganda tena, mvuke wa pili unazimaliza. Kuni zinakwenda nyingi, najua, lakini kuni za siku mbili ni nafuu kuliko mifuko 20 ya kutupa.

Usifungue pipa likiwa la moto. Linapopoa linavuta hewa ya nje kwa nguvu, na hewa hiyo imebeba vumbi la jikoni kwako. Moto ukizima, funika lile tundu kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti, ila subiri makaa yazimike kabisa kwanza. Acha mpaka asubuhi.

Ukifanikiwa hapa: mifuko imebadilika rangi ikawa kahawia iliyokolea, inanukia kama mkate au chai nzito, pamba ni kavu. Chukua mfuko mmoja usiutie mbegu, uweke pembeni wiki mbili. Ukikaa bila kubadilika rangi wala harufu, mvuke wako ni mzuri. Huu mfuko mmoja wa majaribio utakuambia ukweli kuliko mtu yeyote, kwa sababu mifuko mingine ikioza na huu ukabaki safi, basi tatizo ni mikono yako au mbegu, si pipa.

## Hatua ya 6: Kutia mbegu

Kagua mbegu kabla hujalipa. Nafaka zote ziwe zimefunikwa na utando mweupe, zinanukia uyoga, hakuna doa la kijani, nyeusi wala la chungwa, hakuna maji chini ya chupa. Ikikaa muda mrefu inatengeneza ngozi ya njano ngumu, si mbovu lakini inachoka, chukua ya chini ya miezi miwili.

Mifuko iwe imepoa kabisa, chini ya nyuzi 30 katikati. Ukitia mbegu kwenye mfuko wa moto umeipika.

Chagua chumba kisicho na upepo, funga madirisha, zima feni, pangusa meza. Oga, vaa nguo safi, barakoa, glovu. Boksi lako lipanguse ndani kwa spiriti, weka mifuko minne mitano na chupa ya mbegu ndani, subiri dakika kumi vumbi lililo hewani litue, halafu ingiza mikono.

Spiriti iwe ya asilimia 70, si 96. Ile kali inakauka kabla haijaua, maji kidogo ndiyo yanayoisaidia kupenya. Ukiwa na ya 96, chukua mililita 730 ujazie maji yaliyochemshwa mpaka lita moja.

Onyo: moto na spiriti ndani ya boksi ni mlipuko. Usipulizie spiriti ndani halafu ukaingiza kijiko chenye moto au kibiriti. Chagua kimoja, na ndani ya boksi kimoja hicho ni spiriti.

Chambua mbegu ndani ya chupa zisigandane, toa pamba, tia vijiko viwili, gramu 25 hadi 30, nyingi ziangukie kwenye tundu la katikati na zinazobaki zifunike juu. Rudisha pamba haraka. Mwendo wa mikono taratibu, bila kuongea. Andika tarehe kwenye kila mfuko.

## Hatua ya 7: Kulaza mifuko gizani

Panga kwenye rafu, mahali penye giza, nyuzi 25 hadi 30, achana nayo. Kila mnapoishikashika na kuibonyeza mnasukuma hewa ndani na nje kupitia pamba.

Siku ya tatu hadi ya tano utaona nafaka zimeota manyoya meupe. Wiki mbili, sehemu ya juu imefunikwa. Wiki ya tatu hadi ya tano mfuko mzima mweupe. Ukipita wiki sita haujajaa, kuna baridi au mbegu ilichoka.

Jifunze kusoma rangi. Kijani ni trikoderma, ndiye muuaji mkuu, toa mfuko. Nyeusi ya unga ni asperjilasi, usiupumue, toa. Ya chungwa inayokua kama moto wa kichaka ni nyurospora, hiyo usithubutu kuifungua ndani ya nyumba, ifunike na kitambaa kilicholowa, itoe nje taratibu, izike, unga wake ukiruka umepoteza chumba kizima. Maji machafu na harufu ya kuchacha bila rangi ni bakteria, rudi hatua ya 5.

Lakini jamani msitupe mifuko mizima. Utando wa ganoderma ukikomaa juu yake unatengeneza ngozi, mwanzo njano hafifu, baadaye rangi ya kutu, wakati mwingine na matone ya rangi ya asali. Nimeshaona mtu katupa mifuko 14 kwa sababu imegeuka kahawia. Tofauti ni hii, ngozi ya ganoderma ni ngumu kama ya viatu na haitoi unga. Ukungu una unga.

## Hatua ya 8: Kufungua na kutoa uyoga

Usikimbilie kufungua. Subiri vinundu vyeupe vya mviringo vianze kusukuma kwenye shingo, chini ya pamba. Ndipo utoe pamba, shingo uiache. Tundu moja linakupa shina moja lenye nguvu, ukichanachana mfuko mzima utapata vinundu ishirini visivyokua.

Hamishia bandani. Banda liwe na kivuli, wavu wa kuzuia vijinzi, sakafu ya mchanga au kokoto. Vitu vinne unavyovitunza:

Unyevu wa hewa asilimia 85 hadi 95. Mwaga maji sakafuni, tundika magunia mabichi ukutani, mara tatu nne kwa siku wakati wa kiangazi. Usinyunyize moja kwa moja kwenye uyoga, ile kingo nyeupe ikilowa kila siku inapata madoa na inaacha kukua.

Joto nimeshalisema.

Mwanga wa kutosha kusoma gazeti, jua la moja kwa moja hapana.

Hewa safi, na hii ndiyo inayoamua umbo. Ganoderma ikikosa hewa safi, kaboni dayoksaidi ikijaa, inatoa vidole virefu kama pembe za swala na haifungui kofia. Watu wanaziba banda lote kwa nailoni ili kulinda unyevu, halafu wanauliza kwa nini wamepata pembe. Fungua juu na chini, hewa nzito itoke. Baada ya siku chache utaona ncha za vidole zinapanuka na kulala kama kijiko. Pembe zenyewe si hasara, zinakauka na kutumika kama kawaida, ila kama mnunuzi kaagiza kofia hatazichukua.

Ukifanikiwa hapa: kila kofia ina pete tatu za rangi, katikati nyekundu ya damu ya mzee inayong'aa, kisha njano, kisha kingo nyeupe laini. Kingo nyeupe maana yake bado inakua.

Usipulize dawa ya wadudu kwenye uyoga. Wavu unatosha, na usafi.

## Hatua ya 9: Kuvuna na kukausha

Toka kufungua mpaka kuvuna ni mwezi mmoja hadi miwili, kutegemea joto. Dalili mbili: kingo nyeupe imeisha, rangi ni moja mpaka ukingoni, na unga wa kahawia umeanza kutua juu ya kofia kama vumbi la kakao. Hizo ni mbegu zake. Vaa barakoa unapoingia, zikiwa nyingi zinakera kifua hasa kwa mwenye pumu.

Kata kwa mkasi wa bustani, acha shina sentimita mbili, kwani hapo pengine utavuna tena mara ya pili, ndogo zaidi. Kwa mfuko wa kilo moja tegemea gramu 40 hadi 80 mbichi, ukikausha inabaki theluthi moja hivi. Anayekuambia kilo nzima kwa mfuko anakuuzia ndoto.

Kata vipande vyembamba siku hiyohiyo. Kesho haukatiki, umeshakuwa ubao. Kaushia kwenye kaushio la jua au la umeme, nyuzi 45 hadi 60, usiuanike chini barabarani. Pima kwenye mizani asubuhi na jioni, uzito ukiacha kushuka na kipande kikavunjika kwa sauti kavu, tayari. Weka kwenye bati au chupa inayofunga kabisa, kwa sababu kuna vijidudu vinavyotoboa ganoderma kavu mpaka ibaki unga, usipofunga vizuri baada ya miezi mitatu utakuta matundu matupu.

## Kabla hujamuuzia mtu

Mnajua maneno yanayosemwa kuhusu huu uyoga, eti unatibu saratani, kisukari, presha, ukimwi. Mimi naulima na naupenda, na nakuambia usiseme hivyo. Tathmini ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, ya mwaka 2012, iliyopitiwa tena 2016, ilikusanya majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa saratani ikaona ushahidi hautoshi kuutumia kama tiba ya kwanza. Mtu akiacha dawa zake za hospitali kwa sababu ya pakiti yako, damu yake ipo mikononi mwako. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji, mwenye ini bovu, mjamzito, mwambie amuone daktari kwanza. Na ukiandika kwenye pakiti kwamba unatibu, umeshauza dawa, na dawa zina mamlaka zake za serikali, Tanzania ni mambo ya TMDA, Kenya ni PPB.

Unauzwa kama kinywaji chungu cha kuchemsha, vipande vichache vinatokoteshwa saa moja au mbili. Uchungu wake mwenyeji wa mwarobaini hautamshangaza.

## Hatua ya 10: Mifuko iliyoisha

Hii inarukwa na karibu kila mtu. Ganoderma ni kuvu anayeozesha mbao, na ndugu zake wanaozesha mizizi na shina la miembe, mikorosho, minazi, migunga. Ukimwaga mabaki ya mifuko hai chini ya mwembe wako kama mbolea, umempelekea chakula na njia kwenye mizizi yenye majeraha.

Rudisha mifuko iliyoisha kwenye pipa, mvuke saa mbili tatu, ndiyo uchanganye kwenye mboji ya bustani ya mboga. Huna kuni za ziada? Kausha yaliyomo yatumie kama kuni za pipa lijalo, yanawaka vizuri, plastiki itoe kwanza usiichome. Nguzo za mbao za banda nazo zikague kila awamu, mifuko isiegemee nguzo, na ukiona kinundu cheupe kinachomoza kwenye nguzo yenyewe badilisha hiyo nguzo kabla ya mvua za masika.